Wenzi wawili, simu mbili: uchambuzi wa kisa cha kinga ya VVU kwa njia ya video

Kisa hiki kinawahusu wanaume wawili walio kwenye uhusiano wa kudumu, waliotafuta huduma ya kujikinga na VVU kwa simu na intaneti. Nakiandika kwa ajili ya washauri nasaha, wauguzi, waelimishaji rika na wanaotengeneza programu za simu za afya. Ndani yake yamo mambo mawili ambayo mafunzo mengi huyapitia juujuu: namna ya kuwahudumia wenzi bila kumpoteza mtu mmojammoja aliye ndani ya uhusiano, na namna simu ileile inayomlinda mteja inavyoweza kumfichua. Wahusika wote wawili wameridhia kiandikwe. Majina, umri, kazi, mahali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa. Mmoja nitamwita B, mwingine T. Herufi hizo hazina uhusiano na majina yao.

## Usuli

Huduma waliyoitumia ni ndogo. Mtu anajiandikisha kwenye ukurasa wa intaneti, anajaza dodoso, anazungumza na mshauri kwa video, kisha anatumiwa kipimo cha kujipima ndani ya bahasha isiyo na maandishi yoyote nje. Baada ya hapo ujumbe wa ufuatiliaji huingia kwenye simu yake. Mfumo ulijengwa kwa mtu mmojammoja. Sehemu ya wenzi iliongezwa baadaye juu ya msingi uleule, na sehemu kubwa ya yaliyokwenda kombo ilianzia hapo.

Sababu ya kuiongeza ilikuwa nzito. Kwa miaka mingi ujumbe wa kinga kwa wanaume wanaoshiriki ngono na wanaume umemzungumzia mtu asiye na mwenzi: ukikutana na mtu, tumia kondomu, kisha nenda kapime. Lakini makadirio yaliyochapishwa mwaka 2009 kuhusu miji 5 ya Marekani yalionyesha kwamba takriban asilimia 68 ya maambukizi miongoni mwa wanaume hao yalitoka kwa mwenzi mkuu. Makadirio ya baadaye yaliishusha sehemu hiyo hadi karibu theluthi moja, na hata theluthi ni kubwa mno kuachwa bila huduma. Ndani ya uhusiano watu hujamiiana mara nyingi zaidi, huacha kondomu mapema, na hupima mara chache kwa sababu wanaaminiana.

Upimaji wa wenza kwa pamoja si jambo geni. Ulianzia Kigali miaka ya 1980, ukaendelezwa Lusaka, wakati huo kwa mume na mke. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake mwaka 2012. Wenzi hushauriwa pamoja, husikia majibu pamoja, na mazungumzo hujikita kwenye leo na kesho badala ya kuchimba nani alifanya nini mwaka juzi. Baadaye utaratibu huo ulirekebishwa kwa wenzi wa kiume, kisha watafiti nchini Marekani wakaujaribu kwa video, wenzi wakiwa nyumbani na vipimo vyao mezani. Huduma ninayoieleza ilifuata njia hiyo.

B na T walikuwa pamoja kwa takriban miaka miwili. Waliishi nyumba moja, ila kazi ya T ilimsafirisha mara kwa mara, wakati mwingine wiki nzima. Katika mwaka wa kwanza kila mmoja alikuwa amepima kivyake, kwa miezi tofauti, akamwambia mwenzake kwamba majibu ni hasi. Wakaacha kondomu. Hakuna aliyeona karatasi ya mwenzake, wala hakuna aliyeiomba. Ndugu wa T hawakujua kuhusu uhusiano huo. Walimfahamu B kama rafiki anayechangia kodi ya nyumba.

## Dodoso lililojazwa na mtu mmoja

B ndiye aliyejiandikisha. Kwenye kisanduku cha ujumbe aliandika: "Tunataka kupima pamoja. Mwenzangu hapendi kwenda kituoni, anaogopa kukutana na mtu anayemjua." Kisha akajaza dodoso kwa niaba ya wote wawili, na mfumo ukamruhusu. Kulikuwa na swali kama wana watu wengine nje ya uhusiano wao. Akajibu hapana, na jibu hilo moja likaingia kwenye kumbukumbu za watu wawili.

Mshauri alipolifungua faili alisimamisha kila kitu. Alimwandikia B kumshukuru, akamweleza kwamba kila mmoja atajiandikisha kwa simu yake na kuzungumza naye peke yake kwa dakika chache kabla ya kikao cha pamoja. B alishangaa. "Sisi hatufichani kitu, dada." Mshauri akamjibu kwamba huo ni utaratibu wa kila anayekuja, hata waliokaa pamoja miaka 20. Jibu hilo lilifaa, kwa kuwa halikumtuhumu mtu.

Uamuzi huu ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ridhaa: mtu hawezi kumridhia mwenzake kupimwa VVU, hata wakipendana vipi. Ya pili ni usalama. Wapo watu wanaoburutwa na wenzi wao kwenda kupima, na wapo watakaopigwa au kufukuzwa nyumbani majibu yakija vibaya. Kituoni, muuguzi humwomba mmoja asubiri nje. Kwenye video hujui nani amekaa nyuma ya kamera. Ndiyo maana mazungumzo ya mtu mmojammoja huanza kwa swali linalojibika kwa neno moja tu: "Uko peke yako sasa hivi? Nijibu ndiyo au hapana."

T alijibu ndiyo. Alikuwa ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa, simu ameiegemeza kwenye usukani. Mwanzoni alijibu kwa mkato. Mshauri alipomuuliza makubaliano yao kuhusu watu wengine ni yapi, alinyamaza, halafu akasema: "Hatujawahi kuyaongea. Ila najua yalivyo." Kwa alivyoyajua yeye, akiwa safarini anaweza kukutana na mtu, mradi atumie kondomu na habari hizo zisifike nyumbani. Wiki kama tatu kabla ya mazungumzo hayo kondomu ilikuwa imepasuka. Hakumwambia yeyote.

B, katika mazungumzo yake, alieleza kwamba siku walipoacha kondomu ndiyo siku walipoahidiana kuwa wawili tu. Mshauri akamuuliza ni maneno gani yaliyosemwa siku hiyo. Alifikiri kwa muda, kisha akakiri kwamba hakumbuki maneno yoyote.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha kisa chote. Hakukuwa na makubaliano yaliyovunjwa, kwa kuwa hayakuwahi kuwepo. Kila mmoja aliishi ndani ya makubaliano aliyojitungia kichwani, akiamini kwamba mwenzake anayo hayohayo. Tafiti kuhusu wenzi wa kiume zimelieleza hili mara nyingi: ukiwauliza mmojammoja, wengi hutoa maelezo yanayopishana. Dodoso la pamoja haliwezi kuiona tofauti hiyo. Linaifunika, kisha linaihesabu kama jibu.

## Siri iliyobaki kwa mshauri

Sasa mshauri alijua jambo asilolijua B. Kumwambia kungekuwa kuvunja siri ya mteja. Kuendelea na kikao cha pamoja kana kwamba hajui kitu kungekuwa kumwacha B apange kinga yake juu ya taarifa isiyo kweli. Aliamua kumrudishia T mzigo huo, lakini kwa msaada.

Alimweleza hivi: kikao hakitauliza ya nyuma, kitauliza ya mbele. Na tukifika hapo, B atasema ninyi ni wawili tu, na wewe utatakiwa kukubali au kukataa mbele yake. Ungependa lisemwe vipi? T aliomba muda. Siku iliyofuata aliandika kwamba atalisema mwenyewe, mshauri akiwepo.

Mshauri alimweleza pia kuhusu kondomu iliyopasuka. Dawa za dharura baada ya hatari, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na muda huo ulishapita. Kipimo cha nyumbani cha ute wa fizi hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na huweza kuchukua hadi miezi 3 kuonyesha maambukizi mapya. Kwa hiyo angehitaji kipimo cha maabara kinachotafuta antijeni, yaani sehemu ya kirusi chenyewe, na kingamwili kwa pamoja, ambacho kwa kawaida huonyesha maambukizi kati ya siku ya 18 na ya 45. Ilidhihirika kwamba T alitegemea kikao cha nyumbani kimsafishe: kipimo kiseme hasi, naye afute habari ya safari ile. Huu ni mtego wa vipimo vya kujipima ambao picha za maelekezo kwenye boksi haziwezi kuuzuia. Lazima mtu auseme.

## Dakika 20

Kikao cha pamoja kilipangwa Ijumaa jioni, wakati T atakuwa amerudi. Walikaa kwenye kochi moja. Simu moja ilielekezwa kwenye nyuso zao na nyingine kwenye meza yenye vipimo, ili mshauri awaone watu na mistari kwa wakati mmoja.

Kabla ya kufungua chochote, mshauri aliuliza mtafanya nini majibu yakitofautiana. Wengi hulikwepa swali hili kwa kuogopa kuleta mkosi, nami nadhani ndilo swali lenye thamani kuliko yote kabla ya kupima. B alimgeukia T akasema, "Ikiwa hivyo, mimi nitamtunza." Hakuwaza kwamba mwenye kuhitaji kutunzwa anaweza kuwa yeye.

Walipitisha kijiti kwenye fizi za juu na za chini, mara moja kila upande, wakakitumbukiza kwenye kichupa. Kipimo cha aina hii husomwa baada ya dakika 20 na kabla ya 40. Mshauri aliwaomba wavifunike vipimo kwa kitambaa. Watu wakiachwa wavitazame, mstari wa udhibiti, unaoonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi, hujitokeza mapema, macho hayabanduki hapo, na hakuna neno litakaloingia sikioni tena.

Dakika hizo 20 ndizo zilizofanya kazi yote ya ushauri. Mshauri alimwomba kila mmoja aeleze angependa makubaliano yao yawe vipi kuanzia leo. B alianza, akasema alichokuwa akiamini. T akatazama chini. "Mimi nikisafiri, kuna wakati sikai peke yangu," alisema. "Sikukwambia kwa sababu nilidhani unajua."

B alisimama akatoka kwenye picha. Mlango ulisikika. Mshauri hakumwita, wala hakuujaza ukimya huo kwa maneno. Alimwomba T abaki alipo. B aliporudi alikaa ncha ya pili ya kochi. Hapo mshauri aliuliza swali moja tu: mnataka kusoma majibu pamoja kama mlivyopanga, au kila mmoja peke yake? B akasema wasome.

Kipimo cha T kilikuwa na mstari mmoja. Cha B kilikuwa na miwili.

## Saa zilizofuata

Neno la kwanza la T lilikuwa "Nimemuua." Mshauri aliwaambia mambo mawili, akayarudia. Mistari miwili ni dalili ya VVU, lakini hiki ni kipimo cha awali, na lazima kithibitishwe kituoni. Na hakuna kipimo kati ya hivi kinachosema maambukizi yalitoka kwa nani wala lini. Kipimo cha T mwenyewe kilikuwa hasi. Kipimo cha zamani cha B, akikumbuka vizuri, kilifanyika wiki chache tu baada ya uhusiano wake uliotangulia kuisha, na hakuwahi kukirudia. Inawezekana aliingia kwenye uhusiano huu akiwa tayari na virusi, inawezekana hapana. Mshauri alisema waziwazi kwamba hawatajua, na kwamba kutojua huko hakubadilishi lolote katika matibabu. Ilikuwa muhimu kulisema usiku uleule, kabla hukumu haijaanza kutolewa sebuleni.

Halafu likaja suala la muda. Walikuwa wamelala pamoja bila kondomu siku mbili kabla. Kwa T, dirisha la saa 72 lilikuwa bado wazi, lakini si kwa muda mrefu. Je, asubiri B athibitishwe maabara Jumatatu? Mshauri aliamua asisubiri. PEP hufaa zaidi ikianzwa mapema, hutumiwa siku 28, na ingesimamishwa tu endapo kipimo cha B kingetoka hasi. Hasara ya kuanza bure ni ndogo. Hasara ya kuchelewa haina marekebisho.

Hapa huduma ilionyesha udhaifu wake mkubwa. Orodha ya vituo kwenye ukurasa iliwapeleka kwenye kituo kisichofunguliwa mwisho wa wiki. Namba ya kituo cha pili ilikuwa haipatikani. Mshauri alibaki kwenye simu ya video nao huku akipiga simu nyingine, mpaka akapata idara ya dharura yenye dawa. Aliwaandikia barua fupi ya rufaa ambayo T angeionyesha kwenye simu bila kulazimika kujieleza kwa sauti dirishani. Walikwenda wote wawili asubuhi, na T akameza dozi ya kwanza kabla saa 72 hazijaisha. Alipimwa palepale maabara, na hakuna kilichoonekana.

Maambukizi ya B yalithibitishwa, naye akaanza ARV, dawa za kufubaza VVU, wiki hiyohiyo. Tangu 2017 WHO inapendekeza dawa zianzwe ndani ya siku 7, au siku ileile kwa aliye tayari. Usiku mmoja aliandika kwenye kisanduku cha ujumbe: "Nitaweza kumgusa tena?"

Mshauri alimjibu kwa utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019. Ulifuatilia jozi 782 za wenzi wa kiume ambao mmoja wao alikuwa na VVU, anatumia dawa, na virusi vyake vimefubaa, yaani vimepungua sana mwilini kwa nguvu ya dawa. Matendo ya ngono bila kondomu yalizidi 76,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake. Wanaume 15 walipata VVU katika kipindi hicho, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kwamba havikutoka kwa wenzi wao.

Sehemu ya kwanza ya takwimu hiyo ilikuwa ya B. Sehemu ya pili ilikuwa ya T, na mshauri alihakikisha ameielewa: virusi vya B vikishafubaa T hana cha kuhofia kutoka kwa B, lakini dawa za B hazimkingi na mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo T alipomaliza PEP aliunganishwa moja kwa moja na PrEP, dawa ambazo asiye na VVU hutumia kujikinga kabla ya hatari, bila siku ya mapumziko katikati. Utafiti uliofanyika Kenya na Uganda kwa jozi 1,013 za wenzi, mwanamume na mwanamke, ulionyesha nguvu ya mpango huu: asiye na VVU anatumia PrEP hadi mwenzake amalize miezi 6 kwenye ARV. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 96 yakilinganishwa na yaliyotarajiwa. T aliuliza kuhusu utaratibu wa vidonge viwili kabla ya tendo, kimoja saa 24 baadaye na kingine saa 48, ambao WHO iliueleza mwaka 2019. Kwa mtu anayelala na mwenzi ambaye virusi vyake bado havijafubaa, kidonge cha kila siku kilikuwa na maana zaidi, naye akakubali.

## Simu ilipogeuka

Miezi miwili ya mwanzo ilikwenda vizuri. Halafu T akatoweka.

Alikuwa ametembelea wazazi. Simu yake ilikuwa juu ya meza, wengine wameizunguka, kioo kikawaka: "Je, umemeza dawa yako leo?" Dada yake akasoma kwa sauti. T alisema ni vitamini, akachekwa kidogo, yakaisha. Usiku huo alizima arifa zote, akaacha kujibu ujumbe, na kwa zaidi ya wiki mbili hakuna aliyejua kama bado anatumia PrEP. Alikuwa anatumia, ila kwa kurukaruka.

Wateja wa kawaida wa huduma hiyo hujichagulia maneno ya ujumbe wanapojiandikisha. Waliojiandikisha kama wenzi hawakupewa nafasi hiyo, kwa sababu sehemu yao iliundwa haraka na chaguo hilo likaachwa nje. Inauma, kwa kuwa jibu la tatizo hili limekuwepo muda mrefu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa WelTel nchini Kenya: wagonjwa 538 wanaoanza ARV, nusu yao wakitumiwa ujumbe mfupi kila wiki wenye neno "Mambo?" tu, nao wakajibu "Sawa" au "Shida". Ujumbe haukutaja dawa, ugonjwa wala hospitali. Waliotumiwa walimeza dawa kwa uaminifu zaidi, na virusi vyao vilifubaa zaidi, kuliko wasiotumiwa. Yeyote anayeuona ujumbe huo mezani anaona salamu. Aliporudi, T alichagua maneno yake: "Mechi saa ngapi?"

Tatizo la pili lilikuwa la kimyakimya zaidi. Ukurasa wa wenzi uliwaonyesha wote wawili alama za kila siku: kijani kwa aliyemeza, kijivu kwa ambaye bado. Wazo lilikuwa watiane moyo. Kwa hawa wawili, waliokuwa bado na jeraha bichi, alama hizo ziligeuka doria. B alimpigia T akiwa safarini kumuuliza kwa nini ni saa nne usiku na bado ni kijivu, na swali halikuwa kuhusu kidonge. T naye akajifunza kubonyeza kijani kabla ya kumeza. Kuanzia hapo takwimu za huduma kuhusu T hazikuwa na thamani yoyote, na wala mfumo haukuwa na njia ya kulijua hilo. Mshauri alilipata kwa kuuliza tu, katika mazungumzo ya peke yake. Alama zikatenganishwa siku hiyohiyo.

## Matokeo

Baada ya takriban miezi 6 kipimo cha wingi wa virusi cha B hakikugundua virusi. T amebaki hasi kwenye vipimo vyote vya maabara vilivyofuata, hupima kila baada ya miezi mitatu pamoja na magonjwa mengine ya ngono, na ameendelea na PrEP kwa hiari yake. Waliishi mbali kwa wiki kadhaa, wakarudiana. Wana makubaliano sasa, wameyaandika: T akiwa safarini hazuiwi, PrEP haikatizwi, na jambo lolote la hatari husemwa kabla ya kulala pamoja tena. B aliniambia kwamba kipengele cha kwanza bado kinamuuma. Alikikubali kwa sababu anaona ni cha kweli, tofauti na kile alichokiamini zamani. T ameacha kuhudhuria vikao vya pamoja. B huja peke yake, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake sasa ni kuhusu huzuni, si kuhusu virusi.

## Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni mazungumzo ya mtu mmojammoja kabla ya yale ya pamoja. Bila hayo, jibu la hapana la B lingesimama kwa wote wawili, T angepata mstari mmoja na kujiona amesafishwa, na PrEP ya T isingezungumzwa kwa uzito. Hakuna teknolojia ya ajabu hapo. Ni dakika chache na swali la ndiyo au hapana. Hata hivyo, katika kila toleo la programu za namna hii nilizowahi kuziona, hatua hiyo ndiyo ya kwanza kupendekezwa ipunguzwe, eti inawachosha watumiaji. Isipunguzwe.

Video nayo ilifaa kwa namna isiyotarajiwa. T asingeingia kituoni. Gari lililofungwa vioo lilimpa faragha ambayo chumba cha ushauri hakikuweza kumpa. Lakini B aliposimama akatoka kwenye picha, mshauri hakujua alipo, anashika nini, wala kama atarudi. Hakuwa na anwani yao mkononi wala namba ya mtu wa karibu. Mambo yaliisha salama kwa sababu B ni B. Siku hizi kikao cha pamoja hakifunguliwi bila kujua wateja wako wapi, nani apigiwe likitokea la kutokea, na neno ambalo mmoja akilitamka kikao kinakatishwa bila maelezo. Pale ambapo sheria inawaadhibu wanaume kama hawa, hata kuuliza walipo ni hatari, hivyo taarifa hiyo huandikwa kwenye karatasi ya mshauri na kuchanwa kikao kikiisha.

Orodha ya rufaa ni udhaifu usio na utetezi. Huduma inayojitangaza kuwa hufanya kazi saa zote haiwezi kuwaelekeza watu kwenye milango iliyofungwa. Kwa sasa mtu mmoja ana jukumu la kupiga namba zote kila mwezi, na vikao vya kupima havipangwi tena Ijumaa jioni pasipo kituo kilichothibitishwa kuwa wazi siku inayofuata.

Kuhusu taarifa, watu wana haki ya kuogopa. Mwaka 2018 iligundulika kwamba Grindr, programu ya simu ambayo wanaume wanaopenda wanaume huitumia kutafutana, ilikuwa ikizipatia kampuni mbili za nje taarifa za hali ya VVU ambazo watumiaji wenyewe waliziweka kwenye wasifu wao. Mwaka 2019 Singapore ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wanaoishi na VVU zilikuwa zimevuja. Mteja anayeuliza "hii inahifadhiwa wapi?" apewe jibu kamili, kwa lugha anayoielewa, kabla hajaandika neno la kwanza.

Faili la wenzi lina ugumu wake wa pekee. Wakati wakiishi mbali, T aliomba taarifa zake zifutwe. Mfumo haukuweza kumfuta yeye bila kufuta na kumbukumbu za matibabu za B, maana vyote vilikuwa chini ya akaunti moja. Ombi lake lilichukua wiki kadhaa kutekelezwa kwa mikono. Akaunti za wenzi sasa ni mbili tangu siku ya kwanza, zimeunganishwa kwa kiungo ambacho yeyote kati yao anaweza kukikata mwenyewe, wakati wowote, na mwenzake hapelekewi taarifa.